Sindbad, Hamali na Vitabu vya Kutajirika

Kila Ijumaa, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, nina desturi ya kuzunguka mjini Nairobi kwa miguu kutazama vitabu. Sisemi kununua, maana mfuko una amri yake, nasema kutazama. Napita mbele ya simba wa mawe wa maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo ni jirani wa msikiti, naingia Moi Avenue, kisha nashukia Tom Mboya. Huko ndiko yaliko maduka yaitwayo ya "inama". Vitabu vimetandazwa juu ya turubai kando ya njia, na anayetaka kusoma majina yake hana budi kuuinamisha mgongo.

Kwa muda sasa nimeona kwamba zaidi ya nusu ya vilivyotandazwa ni vya namna moja. Kipo cha Robert Kiyosaki juu ya baba tajiri na baba maskini. Kipo cha James Clear juu ya mazoea madogo madogo. Kipo cha Robert Greene chenye kanuni 48 za kupata nguvu juu ya wenzio. Kipo cha Robin Sharma kinachomtaka mtu aamke saa kumi na moja alfajiri. Na kipo kizee chao, cha Napoleon Hill, kinachofundisha namna ya kutajirika kwa kufikiri. Vingi ni nakala za wizi, karatasi nyepesi na wino uliofifia, na bei yake ni ya chini kuliko chakula cha mchana katika hoteli ya wastani.

Nilimwuliza muuzaji mmoja mbona riwaya ni chache. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, hivi ndivyo vinavyotoka. Watu wanataka kitu cha kuwasaidia, si hadithi."

Jibu hilo lilinifuata ndani ya matatu hadi Kangemi, ninakokaa. Tulikwama katika Waiyaki Way kama kawaida, na juu ya vichwa vyetu ilikuwa ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, magari ya wenye nafasi yakipita kama upepo. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa akisoma kitabu cha kutumia wakati vizuri. Nikajiuliza, msomaji mpenzi, swali ambalo nataka tulifikiri pamoja leo: je, ni kweli kwamba hadithi haisaidii? Na hivi vinavyoitwa vya kusaidia, vinamsaidia nani, na kwa kiasi gani?

DAFTARI LA MPWA WANGU

Nisingelitia moyoni jambo hili lau si mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa. Alikuja Nairobi kusoma chuo kikuu, akamaliza, akapata kazi ya zamu za usiku katika kampuni moja ya kazi za kompyuta. Alipanga chumba Kawangware, na kila Jumapili alikuja kwangu kula wali. Baadaye akapunguza kuja, kisha akaacha kabisa. Nikimpigia simu husema, "Mjomba, niko mbioni kidogo." Nami, badala ya kuuliza zaidi, nikamtupia methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Siku niliyokwenda kwake bila ya taarifa ndipo nikajua kwamba kazi ilikuwa imekwisha miezi minne nyuma. Wafanyakazi wengi waliachishwa siku moja kwa ujumbe wa simu. Juu ya meza yake palikuwa na vitabu saba vya aina ile ya Tom Mboya, vimepigwa mistari kwa kalamu, na daftari. Akaniruhusu kulisoma. Upande mmoja ameandika saa za siku yake, nusu saa kwa nusu saa: kuamka, kukimbia, kusoma, kutafuta kazi, kujinasihi mbele ya kioo. Upande wa pili ameandika neno "makosa yangu", na chini yake orodha ndefu. Nililala saa moja zaidi. Sikuwa na hamu ya kutosha. Nilifikiri kimaskini.

Mahali popote katika orodha ile hapakuandikwa kwamba kampuni ilipoteza mteja wake wa ng'ambo ikafunga idara nzima. Kijana amefukuzwa pamoja na wenzake, naye anajihukumu peke yake, mtuhumiwa ni yeye na kadhi ni yeye. Ndipo nilipojuta ile methali yangu. Alikuwa ameinama mno.

TUSEME HAKI KWANZA

Sipendi kuvionea vitabu hivi. Nimevisoma vitatu vya mpwa wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kimoja kimenifaa. Huyo James Clear, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2018, anasema zoea jipya lianzwe na kitu cha dakika mbili tu, na anasema asilimia moja ya kila siku hugeuka kuwa jambo kubwa. Bibi yangu aliyasema hayo kwa maneno matano, haba na haba hujaza kibaba, lakini yeye hakunipa njia ya kuanza. Tangu nisome nimekuwa nikiandika mshororo mmoja kila baada ya Alfajiri, na nimemaliza utenzi uliolala ndani ya sanduku miaka sita. Mwenye kusema vitabu hivi ni upuuzi mtupu basi hajavisoma.

Wala si jambo geni kwetu. Mwana Kupona wa Pate alipomwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alikuwa akimpa mafunzo ya namna ya kuishi na watu, kutunza nyumba na kuhifadhi heshima. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwakaripia watu wa pwani kwa uvivu, kwa israfu za arusi na kwa kudharau elimu. Hizo zote ni nasaha za kujiendeleza. Na sisi tuliosoma chuoni, tukiamshwa gizani na kuketi mkekani na ubao mapajani kabla ya jua kuchomoza, huyo Sharma na saa yake ya kumi na moja hatushtui sana.

Tofauti iko hapa. Mwana Kupona hakumwambia binti yake kwamba akishika yote atakuwa tajiri. Sheikh al-Amin hakusema na mtu mmoja mmoja chumbani mwake. Alisema na umma, na alitaka umma uinuke pamoja. Nasaha zao zilikuwa na Mungu juu na jamaa kando. Hizi za sasa mara nyingi zina mtu na kioo chake tu.

Kuamka mapema ni kuzuri, lakini nendeni Marikiti saa kumi za usiku mkaone. Kina mama wa Kangemi na Kawangware wanaouza sukuma wiki wamekwisha fika huko, wanabishania bei ya magunia kwa mwanga wa tochi. Wameamka kabla ya matajiri wote wa vitabuni, miaka ishirini mfululizo, wala hawajatajirika. Lau mapambazuko yangekuwa ndiyo siri, Kangemi ingekuwa imeinunua Lavington zamani.

HADITHI ILIYOVAA KOTI LA HESABU

Yule muuzaji alisema watu hawataki hadithi. Basi na tuvitazame vitabu vyenyewe.

Kitabu cha Kiyosaki, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1997, kimejengwa juu ya baba wawili. Wasomaji wengi wameuliza baba tajiri huyo alikuwa nani hasa. Jarida moja la Marekani lilipomwuliza mwandishi mwenyewe mwaka 2003, hakutoa jina. Aliuliza kwa nini asiachwe awe kisa kama Harry Potter. Napoleon Hill naye alidai kwamba Andrew Carnegie, tajiri mkubwa wa chuma cha pua, ndiye aliyempa kazi ya kuchunguza siri za matajiri. Carnegie alikufa mwaka 1919, na mwanahistoria aliyeandika maisha yake hakupata ushahidi wa jambo hilo.

Kwa hiyo kijana anayeinama pale Tom Mboya akiikimbia hadithi, huenda ndiyo anayoinunua. Ila hii imevaa koti la hesabu, haijitaji jina lake, na msomaji hapewi nafasi ya kuipima kama hadithi.

Kati ya vile vitabu saba vya mpwa wangu palikuwa na cha nane, kimechakaa kuliko vyote. Nilipokishika aliona haya, akasema, "Hicho ni cha kupoteza wakati tu, mjomba." Kilikuwa The Hobbit cha J. R. R. Tolkien, Mwingereza. Nilikichukua, nikakisoma matatuni siku tisa.

Na tazama ajabu ya mambo: kitabu hicho kilitoka mwaka 1937, mwaka ule ule wa kile cha Hill. Dunia wakati ule ilikuwa bado inauguza majeraha ya mporomoko wa uchumi wa 1929, na vitabu vyote viwili vinazungumza juu ya hazina. Hill anasema hazina ni yako ukiitamani kwa moto wa kutosha. Tolkien anasimulia juu ya Bilbo, kiumbe mfupi mpenda chai, anayetolewa nyumbani kwake kwenda kuitafuta dhahabu iliyolaliwa na joka. Dhahabu inapatikana. Lakini ikisha kupatikana, hao waliokuwa marafiki wanakaribia kuuana kwa ajili yake, kiongozi wao anashikwa na tamaa hadi akili inamruka, na Bilbo anaona afadhali alitoe lile jito la thamani kuliko yote ili vita visitokee. Anarudi kwao na visanduku viwili vidogo, naye ameridhika.

Sasa nauliza: ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomweleza kijana wa Nairobi habari za kweli zaidi juu ya mali? Sisi tuliokulia penye magofu hatuhitaji kufikiri sana. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilikwisha simama mbele ya majumba ya Pate yaliyobomoka, ikauliza wenyewe wako wapi.

HAMALI MLANGONI

Lakini hadithi inayonijia zaidi kila nipitapo kwa wauza vitabu ni ile tuliyosimuliwa utotoni kutoka Alfu Lela Ulela. Wengi humkumbuka Sindbad baharia na safari zake saba: kisiwa kilichokuwa samaki, ndege rukhu, bonde la almasi. Wachache hukumbuka jinsi hadithi inavyoanza. Inaanza na hamali. Jina lake pia ni Sindbad. Amechoka, ameutua mzigo wake kivulini mlangoni pa jumba la tajiri wa Baghdad, anasikia muziki na harufu ya vyakula, anamlalamikia Mola kwamba huyu ndani anastarehe na yeye nje anachubuka mabega. Tajiri anamsikia. Anamwita ndani, anamketisha karibu yake, anamlisha, kisha anamweleza kwamba mali hii haikuja kwa usingizi.

Hapo, msomaji, ndipo penye baba tajiri na baba maskini wetu, karne nyingi kabla ya Kiyosaki. Tajiri anamfundisha maskini njia aliyopitia. Lakini sikilizeni anavyofundisha. Katika karibu kila safari Sindbad baharia anataja wenzake waliozama, walioliwa na zimwi, waliopasuliwa merikebu. Wengi wao walikuwa mabaharia hodari kama yeye au kumshinda. Yeye aliponea juu ya ubao, na anasema wazi kwamba aliponea kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Kisha, kila jioni hamali anapotaka kuondoka, anapewa mithkali mia moja za dhahabu.

Vitabu vya kutajirika vimebakiza baharia, vikawaondoa waliozama. Tunasomeshwa aliyeacha kazi akaanzisha kampuni ikastawi. Walioacha kazi wakafilisika hawaandiki vitabu, na lau wangeandika visingetoka pale Tom Mboya. Msomaji akifanya vivyo hivyo naye akazama, hana la kudhani ila kwamba hakuogelea vizuri. Ile orodha ya mpwa wangu imetoka humo.

Na zile mithkali mia moja nazo zimeondolewa. Tajiri wa sasa humpa hamali nasaha, akamwuzia.

AMBACHO HADITHI HUFANYA

Atakuja mtu aseme kwamba namsifu Sindbad ilhali vijana wana njaa, na majini hayalipi kodi ya nyumba. Ni kweli, hayalipi. Lakini serikali zimejua siku zote kwamba hadithi si mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alitoa Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, kisa cha mtu anayetoka msituni akizunguka nchi nzima kuuliza ukweli na haki viko wapi. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba wakuu waliposikia watu wakimzungumza Matigari huyo walitoa amri akamatwe, na walipogundua kwamba ni mtu wa kitabuni, wakakikamata kitabu. Hiyo ilikuwa 1987. Mimi sijapata kusikia askari waliotumwa kukamata kitabu cha kuamka mapema.

Marehemu Shaaban Robert aliitundika nchi yake ya Kusadikika angani, mwaka 1951, akaweza kusema juu ya hukumu na watawala yale ambayo asingeyasema chini ardhini. Katama Mkangi, mwana wa pwani yetu aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alimrusha Dzombo wake hadi nchi ya Walenisi, mwaka 1995, na mwenye kulitamka jina hilo polepole atasikia: wale ni sisi. Kyallo Wamitila akatupa Bina-Adamu! mwaka 2002. Vyote ni vya ajabu na vimeandikwa kwa Kiswahili, na vyote vinamwuliza msomaji swali ambalo vile vya Tom Mboya havimwulizi: je, nyumba yenyewe imejengwa sawa, au wewe tu ndiye mbovu?

Juni 2024 tuliona swali hilo likiulizwa njiani. Vijana wale wale wa zamu za usiku na wa kutafuta kazi walijaa Moi Avenue na Kenyatta Avenue kuupinga Mswada wa Fedha. Waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana. Makumi walipoteza maisha, Mungu awarehemu. Tarehe 26 Juni mswada ukaondolewa. Uwe uliwaunga mkono au hukuwaunga, utakubali jambo moja: siku zile hakuna aliyedhani kwamba kodi ya mkate ni kosa la mtu binafsi aliyechelewa kuamka.

Na vitabu vyenyewe vina kodi yake. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vilianza kutozwa asilimia 16, vya nasaha na vya hadithi sawasawa. Shuleni nako riwaya husomwa kwa mtihani. Mtihani ukipita, kijana huiweka pamoja na sare yake ya shule na kuiaga. Tusimlaumu muuzaji wa inama. Yeye huuza kile ambacho sisi tumewafundisha watoto kukithamini.

KUJISAIDIA KULITOKA WAPI

Nimalizie kwa jambo lililonishangaza. Jina lenyewe la kujisaidia lilienezwa na Samuel Smiles, Mskoti, kwa kitabu chake cha mwaka 1859, ambacho baadaye kilifasiriwa kwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo. Lakini kitabu hicho hakikuzaliwa chumbani mwa mtu mmoja. Kilitokana na hotuba kwa vijana wafanya kazi wa mji wa Leeds, waliokuwa wakikutana jioni kufundishana wenyewe kwa wenyewe kusoma, kuandika na hesabu, aliyejua akimwonyesha asiyejua. Kumbe kujisaidia kulizaliwa tumboni mwa kusaidiana, na safarini yule mama akapotea njia, akabaki mtoto.

Sisi mama huyo tunamjua. Tunamwita chama, tunamwita harambee, na chuoni tulimjua kama mwanafunzi mkubwa anayemshika mdogo mkono juu ya ubao.

Mpwa wangu hajapata kazi ya kudumu bado. Anafundisha watoto wa jirani hesabu, na Jumapili amerudi kula wali. Nilimwomba tuifungue ile orodha ya makosa, tukaipitia pamoja. Matatu tuliyaacha, kwa sababu ni makosa yake kweli na anaweza kuyatengeneza, na kitabu cha James Clear kinamfaa kwa hayo. Kumi na moja tuliyafuta, maana hayakuwa yake. Yeye akaniachia The Hobbit. Mimi nimempa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani, na nimemwambia aisome mchana kweupe, bila ya haya, mbele za watu.

Kijana nakunasihi, vitabu vyote visome,
Uamkapo subuhi, jembelo shika ulime,
Mvua isipowahi, moyowo usiuchome,
Safari iwe sahihi, wenzako na wasizame.